Mgeni Wako Anataka Chakula cha Kimeksiko San Diego: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila shule zinapofungwa na wageni kuanza kutua, napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wasomaji wanaoishi San Diego na miji ya jirani. Ndugu amekuja kutoka mbali, amesikia kwamba Meksiko iko hapo tu, anataka kuonja chakula chake. Mwenyeji anampeleka ufukweni, wanaingia mgahawa wa kwanza wenye makofia mapana ukutani, wanaletewa sahani iliyozama kwenye jibini ya njano, bili inapita dola mia moja. Mgeni anaondoka akiamini kwamba chakula cha Kimeksiko ni kizito, hakina ladha na ni ghali.

Inaniuma kila ninaposoma, kwa sababu najua robo saa kutoka meza ile kuna watu waliosimama foleni kando ya lori la kuuza chakula, wanakula samaki wa moto kwa bei ya soda mbili za ufukweni. Kosa liko kwenye mpangilio. Watu wanachagua mandhari kwanza na chakula baadaye. Hapa tutapindua: tutamjua mgeni, tutachagua pishi, tutatafuta mtaa, ndipo tufikirie bahari.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Simu yenye ramani na chaji ya kutosha.
- Dola 40 hadi 60 taslimu, noti ndogo ndogo. Si kila lori la chakula linapokea kadi.
- Gari, au kadi ya PRONTO ya treni ya mji. Njia ya bluu inatoka UTC, kaskazini mwa mji, inapita katikati ya mji, Barrio Logan, National City na Chula Vista, na kuishia San Ysidro, mpakani kabisa.
- Tishu zenye maji. Chakula kizuri cha aina hii kinaliwa kwa mikono na kinachuruzika.
- Sentensi nne za Kihispania, nimeziweka kwenye Hatua ya 1.
- Nusu siku ya kupeleleza peke yako kabla mgeni hajafika. Wasomaji wengi wanairuka hii, na ndiyo inayowaangusha.

## Hatua ya 1: Mhoji mgeni kabla hujafungua ramani

Muulize mambo manne: anakula nguruwe? Anajiepusha na pombe hata iliyo ndani ya chakula? Anavumilia pilipili kiasi gani? Na je, ni mjamzito, mzee sana, au ana maradhi yanayomzuia kula samaki na kombe wabichi?

Swali la kwanza ndilo lenye mitego, na nililijifunza kwa aibu. Shangazi yangu alipokuja kunitembelea, nilimpeleka mahali ninapopenda, nikamwagizia kuku, wali na maharage, nikaamini nimemaliza. Alikula vijiko viwili vya maharage, akaweka kijiko chini taratibu.

"Mwanangu, haya maharage yamepikwa kwa mafuta gani?"

Nikaenda kuuliza jikoni. Mafuta ya nguruwe. Nikarudi mezani, nikamwambia, "Nisamehe shangazi, ni kosa langu." Hakunigombeza. Alinawa mikono, akaomba maji, na mchana ule hakula kitu tena. Tangu siku hiyo sijampeleka mtu popote bila kuuliza kwanza.

Kwa hiyo, kama mgeni wako hali nguruwe, angalia sehemu hizi:

Maharage ya kusagwa. Kwa jadi hukaangwa kwa manteca, yaani mafuta ya nguruwe. Sehemu nyingi siku hizi zinatumia mafuta ya mimea, lakini usikisie.

Tortilla (mikate bapa kama chapati) za ngano. Nazo mara nyingi hutiwa manteca. Za mahindi ni mahindi, maji na chokaa tu, kwa hiyo ndizo salama zaidi. Zinamfaa pia mgeni asiyeweza kula ngano.

Tamales, yaani unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke. Unga wake hupigwa pamoja na mafuta, na mafuta ya jadi ni yale yale.

Adobada. Nyama nyekundu inayozunguka kwenye chuma wima. Ukiiona kwa mbali utadhani ni shawarma, na kweli ufundi wake ulifika Meksiko na wahamiaji kutoka Lebanoni. Lakini nyama yenyewe ni ya nguruwe. Kwingine huitwa al pastor.

Kamba wa baharini waliofungwa nyama. Kwenye migahawa ya samaki kuna sahani ambamo kamba wamevingirishwa bekoni, ambayo ni nyama ya nguruwe. Picha kwenye menyu haionyeshi vizuri.

Rojo la samaki wa kukaanga. Wapishi wengi wanalikoroga kwa bia ili liwe jepesi na kavu, lenye kuvunjika mdomoni. Wenyeji wengi hawajawahi kufikiria kuuliza hili.

Sentensi zenyewe, pamoja na matamshi:

- *¿Lleva puerco?* (yeva pwerko): kuna nguruwe ndani yake?
- *¿Los frijoles llevan manteca?* (los friholes yevan manteka): maharage yana mafuta ya nguruwe?
- *¿El capeado lleva cerveza?* (el kapeado yeva servesa): rojo la samaki lina bia?
- *¿Cuál pica menos?* (kwal pika menos): ipi inawasha kidogo?

Uliza kwa upole, ukianza na *buenas tardes*. Wapishi hawaudhiki hata kidogo. Kwao ni swali la kawaida.

Kwa mgeni anayetaka nyama iliyochinjwa kihalali, andika "tacos halal" kwenye ramani, kisha piga simu uulize nyama inatoka wapi na kama ubao wa kukatia ni mmoja na wa nguruwe. Usipopata jibu la kuridhisha, mpeleke kwenye samaki. Na hapa pwani, samaki si fungu la pili.

Utajua hatua hii imekamilika ukiweza kusema kwa sentensi moja, kwa mfano: "Hali nguruwe, hataki bia kwenye rojo, pilipili kidogo, samaki mbichi hapana."

## Hatua ya 2: Chagua pishi, mgahawa utafuata

"Chakula cha Kimeksiko" ni jina pana kama "chakula cha Kiafrika". Meksiko ina majimbo 31 pamoja na jiji kuu, na kila upande una jiko lake. Mgahawa unaodai kupika kila kitu kwa kawaida haupiki chochote vizuri. Chagua kimoja kati ya hivi, ambavyo ukanda huu wa pwani unavijua sawasawa:

Taco (tortilla ndogo inayokunjwa na chakula ndani) ya samaki ya jimbo la Baja California. Hii ndiyo ningempa mgeni wa mara ya kwanza. Inahusishwa na Ensenada, bandari iliyo kusini ya Tijuana, mji wa Meksiko unaopakana na San Diego. Kipande cha samaki mweupe kinachovywa kwenye rojo, kinakaangwa, kinalazwa juu ya tortilla ya mahindi, kisha kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba, krimu, salsa (mchuzi wa pilipili) na ndimu. Utamu wake uko kwenye mgongano: samaki wa moto mwenye ganda kavu, kabichi baridi, ukali wa ndimu. Ikipoa dakika tano, mgongano umekufa.

Mariscos za majimbo ya Sinaloa na Nayarit. Mariscos ni vyakula vya baharini. Mgeni mwoga mwagizie *taco gobernador*, kamba na jibini ndani ya tortilla iliyochomwa kwenye chuma. Kwa familia, agiza *pescado zarandeado*: samaki mzima aliyepasuliwa mgongoni, akapakwa viungo na kuchomwa juu ya moto. Jasiri atapenda *aguachile*, kamba wabichi kwenye maji ya ndimu na pilipili mbichi, na matango na vitunguu juu. Lakini shika hili: ndimu inageuza rangi ya kamba, haiui vijidudu vyote. Mjamzito, mzee dhaifu na mwenye kinga ndogo wasile, na chaza wabichi wasiguse.

Nyama ya mtindo wa Tijuana. Carne asada ni ng'ombe wa kuchoma, adobada ni nguruwe. Hapa taco inapakwa parachichi iliyopondwa.

Birria. Asili yake ni jimbo la Jalisco, ambako ni maarufu kwa mbuzi. Tijuana wanaipika sana kwa ng'ombe. Nyama inachemka taratibu mpaka inajimenya, na mchuzi wake mwekundu unaletwa pembeni kwa kikombe. Mgeni aliyezoea supu nzito ya mbuzi atatulia mwenyewe.

Na burrito, ile tortilla kubwa ya ngano iliyofungiwa chakula ndani? San Diego ina yake, ya carne asada na chipsi za viazi ndani, inayoitwa *California burrito*. Inauzwa kwenye vibanda vingi ambavyo majina yake yanaishia na "-berto's", vingine vikiwa wazi saa 24. Ni chakula cha mji huu na nakipenda, ila usimwambie mgeni kwamba ndivyo wanavyokula Guadalajara, huko Meksiko kwenyewe.

## Hatua ya 3: Ipe bahari mgongo

Fungua ramani. Tazama maeneo ya ufukweni na ya watalii, Pacific Beach, Mission Beach, La Jolla, Gaslamp na Old Town, kisha yaache kwa sasa. Sisemi hakuna jiko zuri huko. Ninachosema ni kwamba kodi ya pango huko ni kubwa, na biashara inayoishi kwa watu wanaopita mara moja haihitaji mteja arudi kesho. Jiko linalopikia majirani lazima liwe zuri kila siku, la sivyo linafungwa.

Sogeza kidole kusini na mashariki: Barrio Logan, National City, Chula Vista, San Ysidro. Ukiwa kaskazini, tazama Oceanside na Vista. Haya si maeneo ya mbali. Kutoka katikati ya mji kwenda Barrio Logan kwa treni ni vituo vichache tu.

Sasa andika neno la kutafuta, na hapa ndipo wengi wanapotea. Ukitafuta kwa Kiingereza "mgahawa wa Kimeksiko", ramani itakuletea wale waliojitangaza kwa watalii. Tafuta kwa Kihispania, kwa jina la chakula: *mariscos*, *birriería* (duka la birria), *carnitas* (nyama ya nguruwe), *tacos de pescado* (taco za samaki), *tortillería* (duka la tortilla). Duka linalojiita kwa kazi yake limejifunga kuifanya kazi hiyo.

Ukipata majina sita au saba, yachuje hivi:

1. Panga maoni ya wateja kuanzia mapya. Mpishi akiondoka, nyota za miaka mitatu nyuma hazikusaidii.
2. Soma maoni ya Kihispania. Simu itakutafsiria. Mtu anayeandika "kama nyumbani kwa bibi, ila salsa imepungua ukali" anakupa habari. Anayeandika "mahali pazuri sana!" hakupi kitu.
3. Angalia picha za wateja, si za mwenye duka. Tafuta tortilla. Kama picha ishirini zote ni za glasi za vinywaji na machweo, umejua wanachouza.
4. Hesabu menyu. Kurasa nane zenye picha na namba zinanitia wasiwasi. Ubao mmoja wenye vitu kumi unanipa matumaini.

Ukihitaji jina moja la kuanzia: Tacos El Gordo ya Chula Vista, iliyotoka Tijuana, inajulikana kwa adobada yake. Kila aina ya nyama ina foleni yake. Ukisimama kwenye foleni isiyo yako utafika mbele urudishwe nyuma. Ila mgeni asiyekula nguruwe usimpeleke huko, kwa sababu sifa ya mahali hapo ni nguruwe.

Onyo kuhusu kuvuka mpaka: wazo la "twende tu Tijuana" linakuja haraka kwa sababu treni inafika mpakani. Usimvushe mgeni kabla hajajua masharti ya viza yake ya kurudi Marekani. Kutoka ni rahisi. Kurudi kunategemea karatasi zake. Mwongozo huu wote unafanyika upande huu.

Mwisho wa hatua hii uwe na majina matatu, kila moja na chakula kimoja ulichokifuata.

## Hatua ya 4: Linganisha saa na chakula

Msomaji mmoja aliniandikia kwamba alienda mahali nilipomsifia, akakuta nyama kavu. Nilipomuuliza alienda saa ngapi, akasema saa nne asubuhi. Adobada ni chakula cha jioni na usiku. Mapema chuma hakijachangamka, na kama ipo nyama, huenda ni ya jana.

Mariscos ni za mchana. Sehemu nyingi zinafungwa jioni mapema na malori yanamaliza samaki kabla ya hapo, kwa hiyo fika kati ya saa tano na saa nane. Birria, barbacoa (nyama iliyopikwa taratibu mpaka ikalainika) na menudo, ile supu ya utumbo, ni za asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Ukifika saa saba mchana unaweza kukuta sufuria imeoshwa. Tamales zipo mwaka mzima, lakini Desemba ndiyo majira yake, familia zinapozipika kwa mamia.

Kwa samaki, epuka pia nusu saa ya mwisho kabla ya kufunga, mafuta yakiwa yamechoka.

## Hatua ya 5: Nenda peke yako kwanza

Usimfanye mgeni kuwa mtu wa kujaribia. Nenda siku mbili tatu kabla, agiza vitu viwili tu, kaa mahali unapoona jiko.

Kwanza, mlangoni. Migahawa ya wilaya ya San Diego inabandika kadi ya ukaguzi wa afya yenye herufi. A ni alama 90 hadi 100, B ni 80 hadi 89. Mimi naingia penye A. Kwenye lori, tazama mikono: anayepokea pesa asiwe ndiye anayeshika tortilla kwa mkono uleule.

Pili, tortilla. Hiki ndicho kipimo changu kikubwa, na ningekuwa na kimoja tu ningebaki nacho. Tortilla nzuri ya mahindi inaanza na punje nzima zilizochemshwa na chokaa, zikalazwa usiku, zikaoshwa na kusagwa mbichi. Chokaa ndiyo inayoipa ile harufu ambayo unga wa kawaida wa mahindi hauna.

Itazame juu ya chuma. Inapogeuzwa mara ya mwisho, inavimba katikati kama shavu la mtoto anayepuliza, kisha inashuka na kutoa mvuke. Madoa yake ya kuungua hayalingani. Ichukue mkononi, inuse: inukie mahindi ya kuchoma. Ipinde katikati: ijikunje bila kupasuka. Ikipasuka kwenye mkunjo, au ikiwa baridi katikati na ina harufu ya friji, lipa, ondoka, nenda jina la pili. Sijawahi kukuta samaki mzuri juu ya tortilla mbaya. Asiyejali sahani anayotumia kila dakika hajali na kilicho juu yake.

Tortilla mbili zikiwekwa chini ya taco moja, si kosa. Ni nyembamba na ndogo, ya pili inazuia mchuzi usitoboe.

Tatu, salsa. Ile ya jikoni ina mbegu, vipande vya ngozi vilivyoungua na rangi isiyolingana. Ya kopo ni laini, tamu tamu, inang'aa. Onja kwa ncha ya kijiko. Rangi haikuambii ukali: ya kijani inaweza kuizidi nyekundu, na ile ya rangi ya chungwa inayoonekana laini kama krimu huwa na pilipili kali kupindukia. Andika kwenye simu ipi ni ipi, utaihitaji siku ya mgeni.

Nne, mkono wa mpishi. Samaki atoke kwenye mafuta wakati umeagiza, usikie akilia. Akitolewa kwenye trei iliyokaa chini ya taa, hapana. Kwa adobada, mkataji anyoe vipande vyembamba moja kwa moja juu ya tortilla, ukingo wa nyama ukiwa umeungua kidogo. Akikata rundo na kuliacha kwenye chuma likisubiri wateja, utakula nyama iliyopikwa mara mbili.

Chipsi za mahindi na salsa za bure mezani zisikupe moyo wala kukuvunja moyo. Ni desturi ya migahawa ya Marekani, haisemi lolote kuhusu jiko.

Kabla hujaondoka, uliza zile sentensi nne na uandike majibu. Umefaulu kama unajua sahani mbili utakazomwagizia mgeni bila hata kuifungua menyu.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe, mezani

Mgeni aje na njaa, lakini asiwe amechoka. Siku ya kutua, mpe chai alale. Nimeona wageni wakisinzia mbele ya sahani nzuri sana.

Kama mnaagiza samaki mzima wa kuchoma, mwagize huyo kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu anaweza kuchukua nusu saa na zaidi. Kisha taco moja moja kwa kila mtu. Moja, si tatu. Taco ya pili iagizwe ya kwanza ikiisha, ili kila moja ifike ya moto. Wenyeji wengi wanaagiza kumi na mbili kwa pamoja, na ya mwisho inaliwa ikiwa imelowa.

Vinywaji: ulizia *aguas frescas*. Ya *tamarindo* ni ukwaju, na mgeni wako ataitambua kwa funda la kwanza. *Jamaica*, inayotamkwa "hamaika", ni maji mekundu ya maua ya rosela. *Horchata* ni ya mchele na mdalasini, baridi na laini. Iweke karibu na mgeni asiyezoea pilipili, lakini uliza kama ina maziwa endapo hayamfai.

Mwonyeshe namna ya kula: kamulia ndimu, dondoshea salsa tone moja, shika taco kwa vidole vitatu, kisha lalisha kichwa chako pembeni. Taco ibaki wima. Ukiilaza yenyewe, kabichi yote inaanguka sahani.

Salsa asijimwagie mwenyewe mara ya kwanza. Wewe umeshapeleleza, mchague unayoijua.

## Hatua ya 7: Bili

Bei za menyu hazina kodi ndani yake. Mjini San Diego kodi ni asilimia 7.75, Chula Vista na National City ni 8.75. Ukihudumiwa mezani, bakshishi ya kawaida ni asilimia 15 hadi 20, na mhudumu anaitegemea kweli, kwa hiyo ihesabu tangu mwanzo. Ukiagiza dirishani, ni hiari: dola moja mbili kwenye kopo zinatosha. Soma mistari midogo chini ya menyu, baadhi ya migahawa inaongeza ada yake huko.

Mwambie mgeni mapema kwamba wewe ndiwe unayelipa. Mgeni anayehesabu bei hawezi kuonja.

## Kama pwani yako ni ya juu zaidi

Los Angeles, kanuni ni ile ile. Ukiwa Santa Monica au Venice, rudi ndani kidogo hadi Palms, Mar Vista na Culver City, ambako kuna majiko ya jimbo la Oaxaca: mole nyeusi, mchuzi mzito wa pilipili na viungo, na *tlayuda*, tortilla kubwa kavu kama sinia. Mgeni akitua uwanja wa ndege wa LAX, maeneo ya Lennox na Inglewood yako jirani, na huko ndiko kwa kutafuta samaki wa Nayarit. Ukiweza kufika Boyle Heights, lori la Mariscos Jalisco linauza taco za kamba zilizokaangwa, zenye kipande cha parachichi na salsa nyekundu, ambazo ningeziendea hata kwenye foleni. Oxnard ina wafanyakazi wengi wa mashamba ya stroberi waliotoka Oaxaca. Santa Barbara, anzia Milpas Street.

## Mgeni aking'ang'ania kula akiona bahari

Ana haki. Ametoka mbali. Hapa usimrudishe kwenye mgahawa wa makofia. Chukua chakula mtaani ukipeleke majini.

Ila chagua kinachovumilia safari. Taco ya samaki haivumilii, na usijaribu hata kama fukwe iko karibu. Burrito iliyofungwa vizuri kwenye karatasi ya fedha inakaa moto nusu saa. *Torta*, mkate uliojazwa nyama, inastahimili pia. Ceviche, samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu, ni bora kuliko zote kwa anayeweza kula samaki mbichi: omba iwekwe kwenye chombo chake, na *tostada*, zile tortilla ngumu za kukaanga, kwenye mfuko peke yake. Beba chombo ndani ya boksi lenye barafu, mle ndani ya saa moja. Omba ndimu za ziada, na salsa kwenye vikopo vyenye kifuniko.

Kutoka Barrio Logan, vuka daraja la Coronado na uingie Tidelands Park, mkono wa kulia mara tu daraja linapoisha. Kuna nyasi, meza, na ng'ambo ya maji unaona majengo yote ya katikati ya mji. Fika saa moja kabla ya jua kuzama upate meza, keti upande ambao upepo unakupiga mgongoni, na usifungue tostada mpaka kila mtu awe amekaa.